Mtambo wa Ratili Tatu

Fundi Murad aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu, "Tatu."

Ilikuwa asubuhi, dukani kwake Matrah, mji jirani na Maskati, kwenye kichochoro cha nyuma ya soko. Bastola yangu ilikuwa imebanwa juu ya meza, imetolewa risasi zote, mdomo umeelekea ukutani. Kwenye mtambo, yaani kile kichuma anachokivuta mtu kwa kidole ili risasi itoke, Fundi alikuwa amefunga uzi, na kwenye uzi ananing'iniza mawe ya mizani, moja baada ya jingine. Ndivyo alivyopima. Jiwe litakaloufanya mtambo uachie, hapo ndipo uzito wake. Wangu ulikuwa wa ratili sita.

"Sita ni ya mtu anayetembea nayo kiunoni," alisema. "Tano nitakufanyia, kama mkono wako umetulia. Tatu ni ya mtu aliyekaa kitako, anapiga makopo kwa mchezo. Haya, chagua."

"Tatu."

"Seif, bastola ya ratili tatu haikungoji umalize kufikiri."

"Tatu, Fundi. Nataka wepesi."

Sikutaka wepesi. Kidole changu cha shahada kilikuwa hakiwezi tena kuvuta ratili sita, na sikutaka mtu yeyote ajue. Ningeweza kusema, "Acha kama ilivyo, nitarudi." Ningeweza kuiacha pale pale mezani na kwenda zangu hospitali, mwendo wa dakika kumi. Nimeishi miaka mingi tangu asubuhi ile, na sijaacha kuitembea ile njia ya dakika kumi ambayo sikuitembea.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye baka kwenye ngozi, baka lisilowasha wala kuuma, anayelifunika kwa mkono wa kanzu. Sitamweleza ugonjwa unavyofanya kazi; hayo wapo wanaoyajua. Nitamweleza mimi nilivyofanya.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne kutoka Unguja, mimi na mke wangu Zuwena, tukiwa na sanduku moja na cheti changu cha kumaliza skuli ya sekondari. Kaka yangu Nasor alikuwa ametutangulia na mkewe Rukia, ambaye ni binti wa ami yetu, tuliyelelewa naye nyumba moja. Nasor alikuwa na nyumba ya makuti ya mtende huko Darsait, nje kidogo ya Matrah. Akaikata katikati kwa pazia, upande mmoja wao, upande mmoja sisi.

"Msitarajie Forodhani," alituambia siku ya kwanza. "Hapa hata taa ya njiani hamna. Lakini maji ya kisima matamu, na watu hawakuulizi sana."

Nilipata kazi kwa tajiri mmoja wa Matrah aliyehitaji mtu wa kusoma barua za Kiingereza, kuzipeleka kiwanja cha ndege kule Ruwi na kurudi na mizigo. Njia ilipita kwenye majabali matupu, kwa hiyo kazi ilikuja na bastola, ya zamani, ya risasi sita. Sikuwahi kushika silaha maishani. Walinzi wenzangu, waliozaliwa na bunduki begani, walifurahi sana.

"Ya Zanjibari," aliniambia mmoja wao, "hiyo si mwiko wa kusongea. Ishike!"

Tajiri akanipeleka kwa Fundi Murad. Alikuwa Mbulushi, mzee wa ndevu za hina, aliyewahi kuwa mlinzi Unguja ujanani mwake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani hasa. Alikuwa na desturi yake. Hakumtengenezea mtu mpini wa bastola kabla hajachukua alama ya mkono wake. Alinipa donge la udongo laini akaniambia nilikamate kama ninavyokamata bastola. Vidole vyangu vikaingia. Akalianika donge, akaandika jina langu kwa Kiarabu, na akachonga mpini wa mti wa msidiri, yaani mkunazi, uliokaa kiganjani mwangu kama umeota hapo. Rafu yake ilijaa madonge ya namna ile, mikono ya nusu ya watu wa Matrah.

Desturi yake ya pili ilikuwa hii: hakukukabidhi bastola mpaka uuvute mtambo mbele yake umefumba macho, haina risasi. "Vuta polepole. Kabla mtambo haujaachia, utausikia kidoleni unasita. Hapo useme, hapa." Mara ya kwanza nilisema "hapa" bila taabu. Ule msito niliusikia kidoleni kama mtu anavyousikia mfupa wa samaki kwenye ulimi.

Baka lilitokea baridi ya mwaka uliofuata, nyuma ya mkono wa kulia, rangi ya mchanga. Zuwena alilipaka mafuta ya habbasoda. Halikuondoka. Kisha vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi, nikasema nimeulalia mkono.

Asubuhi moja nilimimina kahawa nikisema na Nasor. Zuwena alikuwa jikoni. Akatoka mbio.

"Nini kinaungua?"

Tukatazama mkaa, tukatazama mkeka. Nilikuwa nimeuegemeza mkono wangu kwenye dalla, lile birika la kahawa lililotoka motoni. Ngozi ilikuwa imekwisha kujikunja. Zuwena akanivuta mkono, akaziba mdomo. Mimi nilikuwa nashangaa tu, kama natazama mkono wa mtu mwingine.

Nasor alingoja mpaka Zuwena akaenda kutafuta asali ya kupaka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, hii si kuungua. Twende hospitali."

"Nikaambiwe nini?"

"Ukaambiwe unachokijua."

Neno hakulitaja, wala mimi sikulitaja. Kule nyuma ya bonde, mbali na kisima, palikuwa na kibanda cha mtu mmoja. Wanawake walimwekea chakula juu ya jiwe, wakaondoka, ndipo yeye akatoka. Watu walisema, "Yule mwenye jadhamu," yaani ukoma, na watoto walitema mate. Sikuwahi kumjua jina. Nilijua tu kwamba jiwe lile lingeweza kuwa langu, na kwamba tajiri angeitwaa bastola na mikoba ya barua siku hiyo hiyo.

"Baada ya Idi," nilimwambia Nasor.

Idi ikapita. Nikasema baada ya joto. Joto likapita, na nyama iliyo baina ya kidole gumba na cha shahada ikabonyea, pakawa na shimo la kuweza kukaa kokwa ya tende. Nikasema baada ya tende.

Alhamisi moja walinzi walikwenda bondeni kupiga shabaha. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono, nikavuta, na mtambo haukuja. Nikavuta tena. Haukuja.

"Ngojeni, anaisomea Kuluhuwallahu kwanza!" akasema yule yule wa mwiko, na wote wakacheka. Nilicheka nao. Kesho kutwa yake nilikuwa kwa Fundi Murad, nataka ratili tatu.

Fundi hakunipa papo hapo. Alishusha donge langu la udongo kutoka kwenye rafu, akalipangusa vumbi. "Shika."

Nikashika. Vidole havikujaza tena mashimo yake. Pale palipokuwa na nyama ya gumba, pakawa na nafasi.

"Umekonda mkono mmoja," alisema.

"Homa."

"Homa ya mkono mmoja?"

"Fundi, wewe tabibu au fundi wa bunduki?"

Akanitazama kidogo, kisha akarudisha donge mahali pake. Siku ya tatu nikaenda kuichukua. Akaninyooshea ikiwa tupu. "Ijaribu kwanza ukiangalia, uizoee. Kisha tutafumba."

Nilipoijaribu nikiangalia, nilihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, na mtambo ukaachia. Nikarudia: moja, mbili, tatu. Kidoleni sikusikia chochote, wala chuma wala msito. Basi nilipofumba macho nilivuta kwa mwendo ule ule, na kwenye mbili nikasema, "Hapa."

Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akanikabidhi.

Huo ndio udanganyifu wangu wote. Haukuzidi pumzi mbili.

Wiki saba niliitembeza kiunoni. Walinzi hawakucheka tena. Zuwena alikuwa ananikatia nyama kwenye sahani kabla hajaleta, ili Rukia asione, na tulikuwa tunaambiana kuwa hali inaelekea vizuri.

Kisha siku moja baada ya sala ya alasiri, Nasor akaingia upande wetu wa pazia. Alikaa kwenye mkeka, mgongo kwenye nguzo. Alikuwa na tabia ya kuikunja kofia yake akiwa na jambo zito.

"Nimekwenda hospitali," alisema.

"Unaumwa?"

"Nimekwenda kwa ajili yako. Sikutaja jina. Nimemwambia daktari, nna ndugu yangu ana hivi na hivi. Kasema kuna vidonge, Seif. Vidonge! Kasema hakuna kibanda, hakuna jiwe. Mtu anakaa kwake, anameza, anapona. Lakini kasema kila mwezi unaopita, vidole havirudi."



"Kesho tunakwenda mimi na wewe. Na kazi hii basi. Mimi nitabeba mizigo bandarini, tutakula tutakachokula. Nipe hiyo bastola niirejeshe kwa mwenyewe."

Nataka msomaji ajue kwamba nilikubali. Hata nililia, kwa raha ya kukamatwa. Nilisema, "Haya, kaka." Nikapeleka mkono kiunoni nimpe.

Mlio uliijaza nyumba. Nilidhani mtu amepiga nje. Nikageuka mlangoni kutazama nani. Nilipomrudia Nasor, kofia ilikuwa imemwanguka, naye ameshika tumbo kwa mikono miwili, ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

Nikatazama mkono wangu. Kidole cha shahada kilikuwa ndani ya kile kipete cha chuma kinachouzunguka mtambo, kimejikunja. Kiliingia wakati nachomoa, na mimi sikujua. Hata wakati nakitazama, sikukisikia.

"Sikuvuta," nikasema. "Wallahi, sikuvuta."

"Najua," akasema Nasor. "Itupe mbali."

Tulimchukua kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, na lori lililokuwa limebeba kuni likashusha kuni zake zote njiani ili litupeleke. Dereva yule sikumjua na sikumwona tena. Namwombea kila siku.

Hivyo ndivyo nilivyofika hospitali niliyoikimbia mwaka na nusu. Nilikaa kwenye baraza yao siku nne. Ilikuwa na benchi refu la mbao, na mtungi wa maji wenye kata ya bati. Watu walikuja na watoto wenye macho mabovu, wakaondoka, wengine wakaja. Rukia alikaa ncha moja ya benchi, mimi ncha nyingine. Hakunitazama.

Siku ya pili daktari alitoka kutueleza hali ya mgonjwa. Alikuwa anasema huku ananitazama mkono, kovu la dalla, vidole vilivyoanza kujikunja. Akanishika kiwiko kwa upole, akabonyeza mahali ndani yake, nikaruka kwa maumivu.

"Wewe ndiye yule ndugu," alisema kwa Kiarabu chake cha kuvunjika.

Siku ya tatu waliniruhusu kuingia. Nasor alikuwa rangi ya jivu. Nikamwambia, "Nimeonana na daktari, kaka. Nimeanza vidonge."

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akatabasamu kidogo. "Umenichosha, lakini umekwenda."

Alifariki siku ya nne, kabla ya adhuhuri.

Kwa Wali, mkuu wa mji, nilikaa siku nne nikihojiwa. Rukia alikwenda mwenyewe, akasema kupitia pazia kwamba marehemu aliacha maneno: ndugu yangu hakukusudia. Wakaniachia. Ikanibakia kafara ya mtu aliyeua kwa kukosea, kufunga miezi miwili mfululizo. Nilifunga wakati wa baridi. Kidonge changu nilikimeza magharibi kwa tende na maji, na mara nyingi nilishindwa kujua machozi yangu ni ya njaa, ya dawa, au ya yeye.

Miaka niliihesabu kwa Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku tuliyopewa dawa. Tulikuwa na benchi letu upande wa kivuli, watu tisa au kumi. Yule mtu wa kibandani nilimkuta pale. Jina lake Khamis. Alikuwa amekwenda kabla yangu! Mtu niliyemwogopa kama mauti alikuwa keshapita mlango ule miezi mitano nyuma, kwa miguu yake mwenyewe, huku mimi nikisema baada ya joto, baada ya tende. Alinisogezea nafasi. "Kaa, sheikh," aliniambia, "hapa hakuna mtu atakayekuambukiza usichonacho."

Kiangazi cha kwanza mwili ulivimba vinundu vyekundu, nikashindwa kuvumilia hata shuka. Muuguzi mmoja wa Kihindi alitufundisha kuloweka mikono kila asubuhi, kuipaka mafuta na kuitazama. "Jicho lako liwe ngozi yako," alisema. Nilijifunza kushika kikombe kwa kitambaa, kuchungulia ndani ya viatu kabla sijavaa, kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Kiangazi cha pili baka likaanza kurudi rangi yake. Vidole havikurudi. Vilijikunja vikabaki hivyo, kama vya mtu aliyeshika kitu kisichokuwepo.

Zuwena alishona nguo za watu, tukala kwa sindano yake. Hakunilaumu hata siku moja, na nilimkasirikia kwa hilo. Usiku wa ugomvi wetu mmoja tu alisema, "Na mimi nilikukatia nyama, Seif. Nilikuwa nakusaidia kuficha. Unadhani mimi nalala?"

Rukia alibaki upande wake wa pazia na binti zake wawili. Alinipitishia chakula changu kwenye sahani ya bati, peke yake, na sikuona ajabu. Nilimwona ana haki. Kiangazi cha tatu, siku moja ya Ijumaa, alifungua pazia akaweka sinia moja ya wali katikati. Akakaa, akawaita watoto, akatia mkono wake pale pale mbele yangu, akala. Mimi nilibaki na mkono pajani.

"Kula," alisema. "Maradhi yako siyaogopi, nimemuuliza daktari. Nilikuwa nakutengea sahani kwa jengine."

"Najua, Rukia."

"Na hilo jengine bado. Lakini wali unapoa."

Tumekula sinia moja tangu siku ile, na hilo jengine hatukulizungumza tena. Kwangu mimi ilikuwa rehema kubwa kuliko msamaha, kwa sababu niliweza kuiamini.

Dawa zilikwisha mwaka wa sabini, mwaka ule ule mambo ya nchi yalipobadilika kwa sultani mpya, watu wakapiga ngoma barabarani. Daktari alinipa karatasi iliyosema sina ugonjwa. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikaelekea kwa Fundi Murad. Tangu siku ya mazishi nilikuwa napita njia nyingine.

Duka lilikuwa wazi, lakini anauza kufuli na bawaba. Hapakuwa na bunduki hata moja. Rafu ya madonge ilikuwa tupu, isipokuwa donge moja.

"Umeacha kazi, Fundi?"

"Tangu ile siku." Akazisogeza bawaba pembeni. "Nimelipima lile jiwe la mizani mara mia, Seif. Nasema labda nilikosea, labda ilikuwa mbili si tatu. Mtu aliyesikia msito vile, macho kafumba, hawezi kuvuta bila kujua. Basi kosa la nani kama si langu?"

Nilikuwa nimekwenda kumsalimu tu. Nilisimama pale na karatasi yangu ya kupona mfukoni, nikaelewa kwamba miaka minne mzee huyu alikuwa amebeba mzigo wangu, na mimi nilimwachia kwa kunyamaza, kama nilivyonyamaza kwa kila kitu.

"Sikusikia msito," nikamwambia. "Nilihesabu. Kidole kilikuwa kimekufa. Nilikudanganya."

 Akalichukua lile donge moja akanipa. Lilikuwa la mkono wangu, la mwaka wa sitini na nne. Nilijaribu kulishika. Vidole vyangu vilivyojikunja havikuingia hata kwenye shimo moja.

"Ungeniambia," alisema, "ningekupeleka mwenyewe. Ni hapo tu, dakika kumi."

Alifariki mwaka uliofuata. Hakurudia kazi yake.

Leo nakaa Mabela, nje ya Maskati, kwa binti mkubwa wa Nasor, ambaye ndiye anayenipeleka kituo cha afya, na ndiye anayenifunga vifungo nikichelewa. Ana mikunjo ya uso ya baba yake. Wewe uliyeona baka, ujue kwamba dawa ipo, ni nzuri kuliko yetu, na haidumu miaka. Nenda leo. Usingoje Idi.

Nilichagua ratili tatu ili nisionekane mgonjwa. Zilinigharimu mkono wangu wa kulia, zikamgharimu mzee mwema ufundi wake, na zikamuua kaka yangu Nasor, aliyekuwa amekuja kunichukua.